Meno ya mbwa wako: kuyatunza nyumbani hatua kwa hatua, kwa wafugaji wa Dodoma

Mbwa mwenye jino bovu anaendelea kula. Hilo ndilo la kwanza kulijua, maana ndilo linalotudanganya wengi. Tunaona sufuria limelambwa likabaki jeupe, mkia unatikisika, usiku anabweka kama kawaida, tunasema mzima. Kumbe magego ya upande mmoja yanamuuma, anatafunia upande wa pili, au hatafuni kabisa, anameza matonge ya ugali mazimamazima. Mpaka mbwa asuse chakula kwa sababu ya jino, ujue hali imeshakuwa mbaya muda mrefu. Kwa hiyo asiyefunua midomo ya mbwa wake na kuangalia mwenyewe hawezi kujua.

Mwongozo huu ni kwa mtu yeyote anayefuga mbwa hapa Dodoma na mikoa ya jirani, mbwa huyo awe ni mlinzi wa geti Kisasa, msaidizi wa wachunga mbuzi kule Chamwino, au wa kukaa ndani Area D. Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Unahitaji mswaki laini, maji safi, dakika mbili kwa siku, na subira ya wiki tatu au nne za mwanzo.

Kwanza elewa kinachotokea

Saa chache baada ya kula, bakteria hujenga utando laini juu ya meno. Huo ndio ukoga, na ukiupitishia kitambaa unatoka. Usipotolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha, na ndani ya siku mbili tatu unaanza kuwa ugaga, ule uchafu mgumu wa njano au kahawia ulioshikamana na jino. Ugaga hautoki kwa mswaki. Juu yake ukoga mpya hushika kwa urahisi zaidi, fizi huvimba na kuachana na jino, bakteria hushuka chini ya ufizi na kula mfupa unaolishikilia. Mwisho jino linacheza, linatoa usaha, linang'oka.

Ratiba ya kupiga mswaki inatoka hapo hapo. Kila siku ndiyo bora. Siku moja ndiyo, moja hapana, bado inafaa. Anayesafisha Jumapili kwa Jumapili anakuta ukoga umeshaganda, na mswaki hauna la kufanya.

Jambo jingine la kuelewa ni wapi uchafu unapojaa. Mrija mkubwa wa mate hufungukia ndani ya shavu, mkabala na magego makubwa ya juu, ndiyo maana upande wa nje wa magego hayo huwa mchafu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kinywa. Upande wa ndani ulimi husaidia kwa kiasi fulani. Hii ni habari njema kwako: huhitaji kumfungua mbwa taya ili kufanya sehemu kubwa ya kazi. Unainua mdomo tu.

Kabla ya kutia mkono kinywani

Hapa naomba usiruke. Usiguse kinywa cha mbwa ambaye hajachanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Afisa mifugo wa kata yako atakueleza utaratibu, na kampeni nyingi za chanjo huambatana na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba.

Na kuna hali moja ambayo watu huumia kwa sababu ya huruma yao. Mbwa taya limelegea, mate yanachuruzika, sauti imebadilika, anajaribu kumeza anashindwa. Wenye nyumba wanadhani mfupa umemkwama, wanaingiza mkono kumsaidia. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Usimguse. Mfungie mahali pamoja, zuia watoto, mwite daktari wa mifugo. Kama mate yake yameshagusa kidonda chako, au amekung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Minyoo nayo ni lazima iwe imetibiwa. Mbwa hujilamba nyuma, kwa hiyo mayai ya minyoo yanaweza kuwa kwenye pua na midomo yake. Baada ya kila zoezi nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasiachiwe kazi hii.

Kumkagua

Chagua asubuhi, nje, penye mwanga lakini si juani. Mwache akae. Wewe kaa ubavuni kwake, usimsimamie mbele. Mbwa wengi huona mtu aliyewainamia usoni kama anayewatisha. Mkono mmoja ushike kidevu kwa chini bila kubana. Kwa kidole gumba cha mkono wa pili, inua mdomo wa juu ukiuvuta nyuma kuelekea sikio. Taya zibaki zimefungwa. Hapo utaona chonge, na nyuma yake safu ya magego, kubwa kuliko yote likiwa karibu chini ya jicho. Fanya hivyo pande zote mbili.

Mbwa mzima ana meno 42, yaani 20 juu na 22 chini. Mtoto ana 28. Si lazima uyahesabu yote mara ya kwanza, ila angalia kama kuna pengo upande mmoja ambalo halipo upande wa pili.

Ufizi wenye afya ni wa waridi na umekaza. Mbwa wengi wetu wana mabaka meusi kwenye fizi, na hayo ni rangi yao ya kuzaliwa, hayana neno. Tafuta mstari mwembamba mwekundu pale ufizi unapokutana na jino. Huo mstari ndio dalili ya mwanzo, na katika hatua hiyo mswaki peke yake bado unaweza kurudisha hali.

Usichanganye ugaga na jino lenye rangi. Watu wa Singida, Manyara na Arusha wanafahamu meno ya kahawia yanayotokana na madini ya floridi kwenye maji ya visima. Rangi ya namna hiyo iko ndani ya jino, na mswaki hauiondoi. Mbwa aliyeugua distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, akiwa mdogo anaweza kuwa na meno yenye vishimo na sehemu za kahawia. Aliyepewa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, wakati meno yanakua huweza kubaki na meno ya njano maisha yake yote. Kipimo chake ni kupitisha ukucha kutoka kwenye ncha ya jino kuelekea ufizi. Kama ukucha unateleza moja kwa moja, hiyo ni rangi. Kama unagonga ukingo, kuna kitu kimejengeka juu ya jino, na hicho ni ugaga.

Halafu nusa. Kinywa cha mbwa hakinukii waridi, sawa, lakini harufu ya uozo inayokufikia akihema karibu yako si ya kawaida. Ile kauli kwamba mbwa ndivyo walivyo imewaacha mbwa wengi na maumivu yasiyotibiwa.

Vifaa

Mswaki wa mtoto, ule laini kabisa, unatosha. Mbwa mkubwa mtafutie wenye mpini mrefu. Kwa mbwa mdogo, au kwa siku za mwanzo, zungushia kidoleni kitambaa safi cha pamba au bandeji ya famasi. Kijiti cha mswaki wa asili kiache. Nyuzi zake zinakatika na kuchoma fizi.

Dawa ya meno ya binadamu usitumie. Mbwa hasukutui wala hatemi, anameza, na povu na floridi iliyomo havimfai. Baadhi zina sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo kwa mbwa ni sumu: hushusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuua ini. Chumvi, magadi, ndimu na mkaa wa kusaga navyo viweke kando. Dawa ya meno ya mbwa ipo, yenye ladha ya nyama na salama kumezwa; ulizia kwenye maduka ya dawa za mifugo, au agiza Dar es Salaam. Ukiikosa usisimame. Kinachoondoa ukoga hasa ni kusugua, na mswaki uliochovywa kwenye maji matupu unafanya kazi hiyo.

Ila ladha inasaidia kumzoesha. Chukua dagaa wachache, waoshe vizuri mchanga wote utoke, wachemshe bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana vitunguu ni sumu kwa mbwa. Chuja supu, iache ipoe, chovya mswaki humo. Mbwa aliyekuwa anageuza kichwa ataanza kuufuata mkono wako.

Kumzoesha

Wengi wanashindwa hapa kwa kutaka kumaliza kazi yote siku ya kwanza. Mbwa akishikwa kwa nguvu mara moja, ataukumbuka huo mswaki miezi.

Anayemlisha ndiye awe anayempiga mswaki. Kwenye nyumba nyingi za mjini hapa, baba na mama wanatoka asubuhi kwenda ofisini, na anayemjua mbwa ni kijana wa kazi. Basi mfundishe yeye, kaa naye mfanye pamoja, usimwachie maagizo tu. Wakati mzuri kwa mbwa wa ulinzi ni alfajiri anaporudi bandani, amechoka kwa kuzunguka usiku kucha na anangoja chakula. Mswaki kwanza, chakula baadaye, kila siku kwa mpangilio huo huo. Baada ya muda chakula chenyewe kinakuwa ndiyo zawadi, huhitaji kununua nyingine.

Wiki ya kwanza usishike mswaki. Mguse mashavu, midomo, kidevu, kwa sekunde chache, umsifu kwa jina lake, umpe chakula. Akitulia, inua mdomo, uachie. Mwache alambe supu ya dagaa kidoleni pako.

Wiki ya pili pitisha kidole kilichofungwa kitambaa kwenye chonge na meno ya jirani yake, upande wa nje tu. Sugua mara mbili tatu, acha. Acha yeye akiwa bado anataka kuendelea, usingoje achoke.

Wiki ya tatu mwonyeshe mswaki, aunuse, aulambe. Kisha sugua jino moja, mawili. Anza na chonge, kwa kuwa liko karibu na halina msisimko mkubwa. Meno madogo ya mbele yaache mwisho, mbwa wengi hawapendi kuguswa hapo. Kila siku nenda nyuma kidogo zaidi mpaka ufike gego kubwa la juu.

Ratiba hii si sheria. Mtoto wa mbwa anaweza kuimaliza kwa siku kumi. Mbwa wa miaka mitano aliyekulia kwenye mnyororo anaweza kuchukua miezi miwili, na hiyo miezi miwili haijapotea. Akikunja midomo, akakaza mwili au kunguruma, rudi hatua moja nyuma. Usimpige wala kumkaripia kwa kunguruma. Amekuonya badala ya kukung'ata, na ukimnyamazisha, siku nyingine hataonya. Kama ni mkali hata kwa anayemlisha, usijaribu peke yako. Zungumza na daktari wa mifugo.

Kupiga mswaki wenyewe

Inua mdomo kama ulivyofanya wakati wa kukagua. Weka mswaki ukiwa umeinama nusu, manyoya yake yaelekee pale jino linapoingia kwenye ufizi, maana ukoga unaodhuru uko kwenye huo mpaka. Zungusha taratibu, duara ndogo ndogo, bila kukandamiza. Anza na magego ya juu upande mmoja, njoo mpaka chonge, hamia upande wa pili. Ukimaliza juu, shuka magego ya chini, kisha meno ya mbele. Sekunde 30 kila upande zinatosha.

Damu kidogo siku za mwanzo kwenye fizi zilizokuwa zimevimba si sababu ya kuacha. Endelea kwa wepesi zaidi, na fizi zikipona itakoma. Ikiendelea zaidi ya wiki mbili, au ikitoka sehemu moja tu kila siku, hapo pana tatizo ambalo mswaki hautalimaliza.

Siku umechelewa kazini, una dakika moja tu, piga magego ya juu upande wa nje, kulia na kushoto, umwache. Ni bora hayo kila siku kuliko kinywa kizima mara moja kwa mwezi.

Mifupa, mawe na mipira

Kila Jumamosi mifupa ya mbuzi inatoka mnada wa Msalato kwenye mifuko kwenda kwa mbwa wa mjini. Nia ni njema. Lakini mfupa uliochomwa au kuchemshwa umekauka, unapasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kukwama kwenye kaakaa, kooni au tumboni. Na mfupa mzito wa paja la ng'ombe, kwato na pembe ni vigumu kiasi cha kuvunja jino. Linalovunjika mara nyingi ni lile gego kubwa la juu, kwa sababu ndilo mbwa analotumia kupasulia. Linameguka kipande cha pembeni na kuacha sehemu laini ya ndani wazi. Ni kweli kutafuna kunapunguza ugaga, ila faida hiyo haifikii hasara ya jino lililovunjika. Kipimo rahisi: kandamiza ukucha wako kwenye kitu unachotaka kumpa. Kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno.

Kiangazi chetu, kuanzia Mei mpaka Novemba, kina vumbi jingi, na vumbi linasaga meno. Mpira wa tenisi unashika mchanga kwenye manyoya yake na kugeuka msasa. Mbwa anayeucheza kila siku huishia na meno bapa. Mpe mpira wa raba laini usio na manyoya, uoshwe. Wanaobeba mawe wazuie mapema kwa kuwapa kitu kingine. Anayeng'ata waya wa banda au mnyororo hula sehemu ya nyuma ya chonge zake, jino linakonda mpaka linakatika, na dawa yake ni kumtoa: matembezi, muda wa kukaa na watu, siyo waya mnene zaidi.

Vitu vya kumpa atafune ni kama karoti mbichi nzima, au kifaa cha raba chenye uwazi ukajaza ugali na dagaa ndani. Hivi vinasaidia, havichukui nafasi ya mswaki.

Matumbo, mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni, hasa yenye vivimbe vya maji, usimpe kamwe. Ndani yake mnaweza kuwa na tegu, mnyoo bapa anayekua ndani ya mbwa, na mayai yake yakimwingia mtu husababisha vivimbe hivyo hivyo kwenye ini na mapafu. Chemsha kila kitu.

Kuhusu ugali wenyewe, usijilaumu kwa kumlisha. Ni laini na unanata, kweli, lakini hata chakula kikavu cha dukani kinavunjika mara tu jino linapokigusa na hakisafishi kama watu wanavyodhani. Mwekee maji safi muda wote.

Watoto wa mbwa

Meno ya utotoni huanza kudondoka karibu miezi mitatu hadi minne, na kufikia miezi saba yote ya ukubwani yanatakiwa yawe yametoka. Kipindi hicho fizi zinauma, usisugue kwa nguvu. Endelea tu kumgusa midomo ili asisahau. Angalia kama chonge la utotoni limebaki limesimama sambamba na jipya. Hutokea zaidi kwa mbwa wa aina ndogo. Uchafu unanasa katikati yake na jino jipya linapinda, hivyo daktari alitoe.

Wakati mswaki hautoshi

Ugaga ulioshaganda usiukwangue mwenyewe, iwe kwa kisu, kwa bisibisi au kwa vyuma vinavyouzwa mtandaoni. Unachana fizi, unakwaruza jino ili lishike uchafu haraka zaidi, na sehemu inayoonekana inang'aa wakati ugonjwa ulio chini ya ufizi umebaki palepale.

Mpeleke kwa daktari ukiona jino linacheza, limevunjika na lina kidoa chekundu au cheusi katikati, chakula kinamdondoka, anageuza kichwa kutafunia upande mmoja, au anatoa makamasi ya tundu moja la pua. Uvimbe chini ya jicho upewe uzito wa pekee. Watu hudhani ameumwa na nyuki au jicho lina maambukizi, wanaweka dawa ya macho, uvimbe unapasuka, unakauka, unarudi baada ya wiki kadhaa. Mara nyingi chanzo ni mzizi wa lile gego kubwa, na hautakoma mpaka jino litibiwe au ling'olewe. Usimpe panadoli, diklofenaki wala ibuprofeni wakati unasubiri. Dozi isiyomdhuru mtu inaweza kumharibu mbwa figo, ini au tumbo.

Kusafisha meno kikamilifu hufanyika mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, ili chini ya ufizi pafikike. Kabla ya kukubali, muulize daktari maswali matatu: atamlaza kabisa au atampa dawa ya kutuliza tu? Atasafisha chini ya ufizi? Ana uwezo wa kung'oa jino lenye mizizi mingi? Kama jibu la mojawapo ni hapana, mwombe akuelekeze kwa mwenye uwezo huo. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, kama kilomita 260 kwa barabara. Ondoka alfajiri mbwa asipate joto njiani, na fuata maelekezo ya daktari kuhusu muda wa kukaa bila kula.

Akirudi nyumbani, mpe uji mzito au ugali laini siku za mwanzo, na muulize daktari siku ya kuanza tena mswaki. Kama jino liling'olewa, mara nyingi utaambiwa usubiri mpaka ufizi uzibe. Zile sehemu nyingine za kinywa zisingoje hadi ukoga ugande upya. Ukiruhusiwa tu, anza na kitambaa kidoleni, kisha rudi kwenye mswaki alfajiri kabla ya chakula.